Uzi juu ya jetoni

Siku kile kioo kilipowashwa kwa mara ya kwanza katika chumba cha taa, Mwanvua alisahau kufunga mdomo. Alikuwa amesimama nyuma ya wanaume wote, kitambaa cha kufutia taa mkononi, na katikati ya mabega ya watu wawili akaona herufi za kijani zikitokea kwenye giza la kioo, moja baada ya nyingine, kana kwamba kuna mtu asiyeonekana anayeandika kutoka ndani. Herufi zikawa jina. Jina lilikuwa la Tata Banza, mzee wa chumba cha taa, ambaye alikuwa amesimama pale pale mbele, kofia mkononi kama mtu aliye kanisani.

"Ee Leza, Mungu wangu," alisema Tata Banza polepole. "Inaniyua."

Watu wakacheka, lakini hawakucheka sana.

Chumba cha taa kilikuwa mlango wa mgodi. Hakuna aliyeshuka bila kupita pale. Mtu alitoa jetoni yake, kipande cha shaba cha mviringo chenye namba ya mwenyewe, akapewa taa ya kufunga kwenye kofia. Jetoni ikatundikwa kwenye ubao wa misumari. Akipanda, alirudisha taa na kuchukua jetoni yake. Ilivyobaki jetoni ukutani, ndivyo alivyobaki mtu chini ya udongo. Mambo yalikuwa hivyo tangu wakati wa Wabelgiji, na mikono ya Tata Banza ilikuwa imezoea misumari ile kama mikono ya mama inavyozoea kusuka nywele za binti yake.

Sasa Kampuni ilikuwa imeleta kioo. Pamoja nacho alikuja citoyen Badibanga, yaani raia, kama mabwana walivyoitwa siku hizo, kutoka Lubumbashi, kijana mwembamba mwenye suti ya abakosti ya bluu iliyopigwa pasi vizuri na sauti ya upole. Alipangusa vumbi kwenye vitufe kwa kidole, akawageukia.

"Mashini hii haisahau," alisema. "Mutu akifika hapa, anafinya namba yake, yeye mwenyewe. Anaona jina yake. Anafinya hii butoni kubwa. Basi, ameandikwa chini. Akipanda, anafinya tena, jina inatoka. Hata mukubwa akiwa kule Lubumbashi, anaweza kuyua nani iko chini, saa ile ile."

"Saa ile ile?"

Watu wote waligeuka. Aliyeuliza alikuwa Mwanvua, msichana wa kuosha taa, ambaye wengi wao hawakuwahi kusikia sauti yake. Yeye mwenyewe alishtuka kuisikia. Akainamisha kichwa mpaka akawa anaona vidole vya miguu yake tu.

"Saa ile ile, mama," alijibu citoyen Badibanga.

Neno hilo Mwanvua alikwenda nalo nyumbani kama mtu aliyebeba kaa la moto.

Baba yake, Feruzi, alikuwa mtu wa Kasongo. Ndugu zake wote walikuwa wachuuzi na madereva wa malori. Yeye peke yake alipenda kushuka mgodini. Siku mawe yalipoanguka, Hawa, mama yake Mwanvua, alikwenda kwenye ua wa waya pamoja na wanawake wengine, na chakula cha mumewe katika sahani iliyofunikwa kitambaa, maana alisema, "Atapanda na njaa." Mwanvua alikuwa kando yake na mfuko wa shule begani. Walikaa jua likazama. Walikaa umande ukawalowesha. Ubao wa misumari ulikuwa umeangushwa katika kukimbiakimbia, jetoni zimetawanyika sakafuni, na kila mtu aliyetoka ofisini alisema jambo moja: bado tunatafuta. Kesho yake mchana ndipo walipoambiwa kwamba Feruzi alipandishwa mapema kabisa, kabla wao hawajafika kwenye waya, akapelekwa hospitali, na huko aliishi mpaka alfajiri, akiuliza watu wake wako wapi.

Hawa alikuwa bado ameshika ile sahani.

Shule iliishia pale, mwaka wa nne haujaisha. Baadaye Kampuni ilimpa Mwanvua kazi ya kuosha taa, kwa kumwonea huruma mjane. Alifanya kazi yake vizuri na bila kelele. Alipenda saa ambayo taa zote zimewekwa kwenye rafu zao kunywa umeme, kila moja na jicho lake dogo jekundu, na chumba kizima kinanguruma chini chini kama mtu aliyelala. Watu ndio waliomshinda. Mwanaume akimsalimu, alijibu viatu vyake.

Lakini usiku ule baada ya kioo kuwashwa, aliona waya ule ule, wanawake wale wale, na mtu mmoja akitoka mlangoni na majina yote kinywani, saa ile ile. Akatamani awe yeye.

Citoyen Badibanga alifungua masomo katika ukumbi wa Kampuni, alasiri baada ya kazi. Aliahidi cheti chenye mhuri. Aliahidi kitambaa cha suti kwa atakayekuwa wa kwanza. Siku ya kwanza ukumbi ulijaa, siku zilizofuata ukapungua kama maji ya kisima wakati wa kiangazi.

"Cheti iko tamu na bukari?" aliuliza Ngeleka, mchimbaji mmoja mnene mwenye mdomo usiopumzika, kana kwamba cheti ni kitoweo cha ugali. "Mi niko na cheti ya ubatizo, niko na cheti ya ndoa. Hakuna hata moya imenisaidia kubeba jiwe."

Wengine hawakutania. Walisema kioo ni mpelelezi. Leo kinaandika nani ameshuka, kesho kitaandika nani amechelewa, kesho kutwa kitaandika nani afungashe mizigo arudi kwao Kasai. Kwa hiyo walipofika asubuhi hawakugusa vitufe. Walitupa jetoni mbele ya yeyote aliyekaa pale na kusema, "Finya weye."

Aliyekaa pale akawa Mwanvua. Makarani wawili waliotangulia walichoka na kurudi kwenye viti vyao vya ofisini, lakini yeye hakukosa somo. Alichora vitufe vyote kwenye kifuniko cha katoni, akajifunza nyumbani, mezani, mpaka mama yake akasimama mlangoni na kumwangalia.

"Unatwanga nini hivi, mwanangu? Mahindi yenyewe hayapo."

"Natwanga majina, mama."

Hawa hakuuliza zaidi. Alivuta kiti akakaa, akatazama vidole vya binti yake vikirukaruka juu ya katoni, na baada ya muda akasema kwa sauti ndogo, "Twanga na la baba yako." Mwanvua akaliandika. Mara nyingi, kila jioni, ndilo lililokuwa la kwanza.

Hakuzoea kabisa. Watu hudhani ukijua kitu unaacha kukistaajabia. Kila asubuhi alipofinya namba na jina likatoka gizani, mgongo wake uliingia baridi. Wanaume walishuka na lifti kwenda mahali asipowahi kufika, chini kuliko visima, chini kuliko makaburi, na wakati huo huo walibaki mbele yake wakiwaka kijani, kila mmoja kwenye mstari wake. Zamu ilipoisha majina yalizimika moja moja, na kioo kikabaki cheusi, kitupu, na yeye akashusha pumzi. Hakuna jina, hakuna mtu chini. Alihisi kwamba ameshika ncha ya kamba ndefu ambayo ncha yake nyingine imefungwa kwenye viuno vya watu wote wale.

Ngeleka alimwonea tu.

"Mama mudogo, kila siku unasalimia bilato yangu. Kichwa yangu hauyaiona hata siku moya. Siku moya nitakuya hapa na kichwa ya mbuzi, utanipa taa, utasema, aksanti tata!"

Foleni ikacheka. Mwanvua akafinya namba, masikio yakiwaka moto, macho kwenye bilato, vile viatu vizito vya kazi vilivyojaa tope jekundu la mgodi wa Musonoi.

Kitu kimoja hakukijua, na kwa haya zake hakuwahi kukiuliza. Alipofagia chini ya ubao wa misumari, zamani, mara nyingi alikuta vipande vya uzi mweupe. Alidhani vimetoka kwenye mifuko ya watu. Alivizoa pamoja na vumbi, akatupa. Kisha mvua za kwanza zikaja, Kampuni ikauondoa ubao, na ukuta ukabaki na alama za matundu.

Asubuhi ya jambo lenyewe, Tata Banza hakuja. Aliomba ruhusa; kulikuwa na kilio, msiba mtaani kwao. Mwanvua alikuwa peke yake, anatoa taa na kufinya, na foleni ilikuwa ndefu kwa sababu mvua ilinyesha na watu wote walifika pamoja. King'ora cha zamu kilikuwa kimekwisha kulia. Wa mwisho kabisa alikuja mbio, kofia imemfunika mpaka kwenye nyusi, maji yanamtiririka.

"Haraka, mama," alisema, na akaweka jetoni.

Jetoni ilikuwa imezungushwa uzi mweupe. Mwanvua aliona uchafu. Aliukwangua kwa ukucha, ukamng'ang'ania kwenye aproni, akafinya namba. KABONGO, kioo kikasema. Akafinya kitufe kikubwa, akatoa taa, na bilato zikakimbia kwenda kwenye lifti.

Ilipofika karibu na mwisho wa zamu, sakafu ilitikisika kidogo, kama lori kubwa linapopita. Taa kwenye rafu ziligongana. Kisha king'ora kikaanza kulia, na hakikunyamaza.

Mawe yalikuwa yameanguka chini, yakaziba njia ya kwenda kwenye lifti. Watu wangepanda kwa ngazi za upande mwingine, polepole, wachache wachache. Hayo Mwanvua aliyasikia kwa citoyen Badibanga, ambaye simu ilikuwa sikioni mwake. Nje, wanawake walikuwa wameshafika kwenye waya. Walikuja na watoto mgongoni, wengine na unga bado mikononi. Sauti zao zilikuwa zile zile za siku ya baba yake.

Mwanvua alisimama. Alitazama kioo toka juu mpaka chini, na majina yakaingia ndani yake kama maji yanavyoingia mtungini. Hakuchukua karatasi. Alifungua mlango akatoka kwenye mvua.

"Bamama," alisema. Hawakumsikia. Akavuta pumzi. "Bamama! Kioo inasema nani iko chini. Musikie!"

Wakanyamaza. Hata watoto. Akaanza kutaja. Kila jina lilipotoka, mwanamke mmoja alishika waya na kuitikia, "Iko wangu," na wengine wakamsogelea, wakamshika. Mwanvua aliona nyuso zao. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutazama nyuso nyingi hivyo, na hazikumwua. Aliposema Kabongo, hakuna aliyeitikia; akadhani mkewe bado yuko njiani.

"Na Ngeleka?" Alikuwa Tshibola, mkewe Ngeleka, mwanamke mrefu mwenye mtoto mchanga mgongoni. "Haukumutaja Ngeleka wangu."

Mwanvua alirudi ndani mbio, akafinya namba ya Ngeleka. Kioo kikajibu kwamba hakushuka. Akafinya tena, apate uhakika. Kikajibu vile vile. Akatoka akikimbia kwa furaha, maana hilo ndilo alilolitamani miaka yote: kumwambia mtu, saa ile ile.

"Mama Tshibola, bwana yako haiko chini! Kioo inasema. Hakushuka leo."

Tshibola alifumba macho. Kisha akapiga makofi na kucheka huku machozi yakimtoka. "Ngeleka! Ameniaga asubuhi na kofia ya kazi kichwani, kumbe iko mahali anakunywa pombe ya lutuku! Ngoja akuye. Nitamupiga na mwiko mpaka mwiko ivunjike." Akamshika Mwanvua mikono yote miwili kupitia kwenye waya. "Mungu akubariki, mutoto ya mama yako." Na akaenda zake nyumbani.

Watu walianza kupanda. Walitoka kwenye ngazi weupe kwa vumbi, wanakohoa, wakarudisha taa zao mkononi mwa Mwanvua, naye akafinya. Jina moja likazimika. Jingine. Kwenye waya, kila mara, yowe la furaha. Vidole vyake havikukosea. Kioo kikawa kinaingia giza mstari kwa mstari, na hakuwahi kuona giza zuri kama lile.

Ndipo wanawake walipopiga yowe la namna nyingine.

Mwanaume mmoja alikuwa anakuja kutoka upande wa cité, mtaa wa wachimbaji, kichwa kimenyolewa upya, miguu mitupu kwenye tope. Tata Banza alimfuata akihema. Wanawake waliachia njia, wengine wakajifunika uso.

"Nani anasema mi niko chini?" aliuliza mtu yule. "Batu bamekuya ku kilio ya mama yangu, banalia, banasema, Kabongo naye amezikwa. Mi nimekaa pale pale kati yabo!"

Mwanvua alitazama uso wake. Ulikuwa uso wa Kabongo. Akageuka, akatazama kioo kupitia mlangoni, na pale kwenye giza jina la Kabongo lilikuwa linawaka.

Tata Banza aliingia, akasimama mbele yake. Hakufoka. "Jetoni yake, mwanangu. Ilikuwa na uzi?"

Mwanvua aliinua aproni yake. Uzi mweupe ulikuwa bado umenasa pale.

Mzee aliuchukua kwa vidole viwili. "Mutu akiwa na kilio, mwenzake anamubebea siku yake, asipoteze kazi. Anashuka na jetoni ya mwenye kilio. Anafunga uzi, ili mi niyue: jetoni iko ya huyu, lakini mwili iko ya mwingine." Akatikisa kichwa. "Tangu zamani tunafanya vile. Kukuambia, sikukuambia. Nilifikiri unayua. Weye haukuuliza, mi sikusema."

"Nani alikubebea?" Mwanvua alimwuliza Kabongo, ingawa bilato alizoziona asubuhi zikikimbilia lifti zilikuwa zimeshamjibu.

"Ngeleka," alisema Kabongo.

Hakuna aliyemtuma Mwanvua. Alimwachia Tata Banza kiti, akafunga kitenge kiunoni, akakimbia kwenda cité. Mvua ilikuwa imekatika na njia ilikuwa tope tupu. Alipita kwenye nyumba za matofali zinazofanana, alipita mahali kilio kilipokuwa kikiimbwa, na kichwani mwake hakukuwa na kitu ila sahani iliyofunikwa kitambaa.

Tshibola alikuwa anasonga bukari, anaimba. Mtoto alilala kwenye mkeka. Aliposikia hatua aligeuka na mwiko mkononi, tayari kwa mumewe, akamwona Mwanvua.

"Mama Tshibola," alisema Mwanvua, na alimtazama machoni, kwa sababu jambo kama hilo haliwezi kuambiwa miguu. "Ngeleka iko chini. Alibeba siku ya Kabongo. Mi nilitoa uzi."

Tshibola aliurudisha mwiko ndani ya sufuria.

"Weye ulisema kioo inasema."

"Kioo ilisema kile mi niliiambia."

Tshibola hakumtukana. Ingekuwa rahisi kama angemtukana. Alishusha sufuria, akapakua bukari kwenye sahani, akaweka samaki juu yake, akafunika kwa kitambaa, kila kitu polepole sana. "Atapanda na njaa," alisema. Mwanvua akamchukua mtoto, kwa maana asingeweza kuitazama sahani ile.

Walipofika, kioo kilikuwa na jina moja tu. Wanaume waliopanda hawakwenda nyumbani. Walijaa katika chumba cha taa, vumbi usoni, wanaangalia herufi zile zikiwaka peke yake. Kabongo alikuwa mbele yao wote, mkono juu ya kichwa chake kilichonyolewa.

"Mi nasimama hapa," alisema, kama anayejisemea mwenyewe, "na pale mi niko chini ya bulongo."

Citoyen Badibanga alikuwa kwenye simu na wale walioshuka kutafuta. "Banaita Kabongo," alisema. "Banaita kila mahali. Hakuna mutu anajibu."

Mwanvua alimrudishia Tshibola mtoto, akakaa kwenye kiti. Alilitoa jina la Kabongo. Kwa muda mfupi kioo kikawa kitupu kabisa, na watu wote chumbani waliacha kuvuta pumzi, maana utupu ule ulikuwa uongo na kila mmoja aliujua. Kisha akafinya namba ya Ngeleka. Herufi zikatokea. Akafinya kitufe kikubwa.

NGELEKA.

"Baambie baite huyu," alimwambia Badibanga. Hakusema citoyen, hakuinama. Badibanga akalisema jina ndani ya simu, na likashuka na waya kwenda kule chini.

Tshibola alisogea. Aliweka kiganja juu ya kioo, juu ya jina lenyewe.

"Iko na moto," alisema. "Musikie. Iko na moto kama mutu."

Hakuna aliyecheka. Mchimbaji mmoja akavua kofia, na wengine wakavua.

Muda ulipita ambao Mwanvua hakuweza baadaye kuusimulia. Simu ililia. Badibanga alisikiliza, akafunga macho, na midomo yake ikasema kabla ya sauti yake: "Amejibu."

Walimleta kwa machela, mguu umefungwa kwenye ubao, uso wote ni vumbi na meno. Tshibola alimlilia, akampiga kofi begani, akamlilia tena. Mumewe alipokunywa maji, akaanza kuongea, maana alikuwa Ngeleka.

"Vumbi ilinilaza. Usingizi tamu, bandugu, usingizi ya mubaya. Nasikia mbali banaita: Kabongo, Kabongo! Mi nasema moyoni, ee, Kabongo iko ku kilio, mumuache mutu alie mama yake. Nalala tena." Akakohoa. Watu walikuwa wamemzunguka bila kuchezesha hata unyayo. "Kisha nasikia Ngeleka. Kule chini! Mutu hapana ananiyua niko kule, jina yangu nimeiacha huku juu. Na inashuka, inanitafuta. Nilisema, basi, kama jina imeshuka yenyewe, mi ni nani nibakie?"

Wabebaji wa machela walitaka kumpeleka hospitali. Akakataa kwa mkono.

"Bado. Mi ningali nimeandikwa chini. Nitoke na jina yangu."

Wakamsogeza mpaka kwenye kioo. Mwanvua alimwonyesha namba, moja moja. Kidole chake kilikuwa kinene na ukucha umevunjika, na kila kitufe alikitafuta kama mtu anayetafuta njia gizani. Hakuna aliyemharakisha. Mwishowe akafinya kitufe kikubwa, yeye mwenyewe. Jina likapepesa, likazimika. Kioo kikawa cheusi, kitupu kweli kweli. Katika weusi ule, kama katika maji ya kisima, zilionekana nyuso zao wote.

Kesho yake asubuhi, njia ya lifti ikiwa imezibuliwa usiku kucha, Mwanvua alikuja na nia ya kurudi kwenye taa zake. Alikuwa ameshamwambia mama yake kwamba mikono yake haifai kushika majina ya watu. Hawa alikuwa amemsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi hakuna mtu aliyenikimbilia kwenye tope kuniambia amekosea," na akamfunga kitenge vizuri.

Alikuta foleni mlangoni kabla ya king'ora. Aliponyoosha mkono kumpokea wa kwanza jetoni yake, mtu yule aliivuta nyuma.

"Acha, mama. Nionyeshe. Nifinye mi mwenyewe."

Nyuma yake wote walikuwa wanasubiri vivyo hivyo. Mmoja alikuwa amejiandikia namba kwenye kiganja, mwingine anazifanyia mazoezi kwenye mgongo wa mwenzake. Citoyen Badibanga alisimama kando, na vyeti vyake vyote vimo ndani ya sanduku, akawatazama kama mtu anayeona mto ukipanda mlima.

"Na kama nabeba siku ya mwenzangu?" aliuliza mmoja, kwa wasiwasi, jicho moja kwa Badibanga. "Nitaiambia kioo namna gani?"

Jambo lile halikuwa katika sheria za Kampuni, na kila mtu alijua. Badibanga alimtazama Tata Banza. Tata Banza alikuwa amekwishafunga kale kauzi keupe kwenye pembe ya kioo. Kijana akavuta kiti, akakaa, akafanya kazi kwa muda na vitufe ambavyo Mwanvua hakuwa bado amevijua, na pembeni mwa majina ikatokea nafasi mpya nyembamba.

"Hapa," alisema. "Namba ya mwenye siku, kisha namba ya mwenye mwili. Namna gani tuiite?"

"Uzi," alisema Mwanvua.

Ngeleka alirudi mvua zilipokwisha, anachechemea, na kwanza walimpa kazi ya juu tu. Siku aliyoruhusiwa kushuka tena, alijipanga kwenye foleni, akafika mbele ya kioo, akaweka jetoni yake isiyo na uzi. Tope jekundu lilikuwa kwenye bilato zake kama zamani. Lakini Mwanvua hakuwa anaangalia bilato.

"Sasa, mama mudogo," alisema Ngeleka kwa sauti ya kusikiwa na wote, "leo unaona kichwa ya nani?"

Mwanvua alimtazama vizuri, paji la uso, pua, kovu jipya, macho.

"Ya mbuzi," alisema.

Foleni nzima iliangua kicheko, na Ngeleka akacheka kuliko wote mpaka akajishika kwenye meza. Kisha akajifuta machozi, akanyoosha kidole, na kicheko kikakatika chenyewe, maana namba ya kwanza ilikuwa imefinywa. Walisogea wote waone. Kutoka kwenye giza, herufi baada ya herufi, jina lake likaja.